Afya Nyumbani: Kijidudu cha Ng'ombe Kisichosikia Dawa

Mama mmoja, mke wa askari hapa Bujumbura, ametuletea swali linalostahili kujibiwa hadharani. Mtoto wake alivimba tezi za shingoni miezi kadhaa baada ya likizo kwa babu yake, ambako alikunywa maziwa yaliyotoka kukamuliwa. Daktari alitambua kuwa ni kifua kikuu cha ng'ombe. Akasema kwamba dawa moja kati ya zile za kawaida haitamfaa mtoto, na kwamba matibabu yatachukua miezi 9 badala ya 6. Mama anauliza: "Mwanangu hajapata kumeza dawa hizo hata siku moja. Vijidudu vimezizoea lini?"

Ndugu mama, havikuzizoea. Vilizaliwa hivyo.

Kifua kikuu hutibiwa kwa dawa 4 zinazotumiwa pamoja: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na etambutoli. Pirazinamidi ina tabia ya pekee. Huingia ndani ya kijidudu kama askari mwenye bunduki isiyo na risasi, na kijidudu chenyewe ndicho kinachompa risasi. Kina kimeng'enya kinachoigeuza dawa hiyo kuwa asidi, nayo asidi hiyo ndiyo hukiangamiza.

Maagizo ya kutengeneza kimeng'enya hicho yamo katika jeni iitwayo pncA. Andiko lote la urithi la kijidudu cha ng'ombe, lililotangazwa na wataalamu mwaka 2003, lina herufi zaidi ya 4,300,000, nazo ni za aina 4 tu: A, C, G na T. Katika jeni ya pncA, mahali pa herufi ya 169, kijidudu cha kifua kikuu cha watu kina C; cha ng'ombe kina G. Ni herufi moja tu, lakini yatosha kukiharibu kimeng'enya. Risasi haitolewi, na dawa hupita bure. Kosa hilo hurithiwa kizazi hata kizazi, hata kama ng'ombe hakupata kupewa dawa yoyote.

Vijidudu hivyo vina koo zake. Mwaka 2011 wataalamu walieleza ukoo mmoja uliopungukiwa na kipande kilekile cha andiko la urithi, nao waonekana sana Burundi, Uganda, Tanzania na Ethiopia. Maradhi ya mifugo hayaulizi mpaka.

Ama usugu wa namna ya pili, huo twautengeneza sisi wenyewe. Katika kila vijidudu milioni 1 hivi, kimoja huwa na kosa la bahati tu linalokikinga na isoniazidi, mara nyingi katika jeni ya katG. Kwa rifampisini ni kimoja katika milioni 100 hivi, katika jeni ya rpoB. Dawa zikitumiwa pamoja, kila moja huua kile kilichoiponyoka nyingine. Mgonjwa akiziacha njiani, vile vichache vilivyo sugu hubaki na uwanja wote, vikazaana. Miaka ya 1990, huko Madrid, Hispania, kijidudu cha ng'ombe kilichokuwa sugu kwa dawa 11 kilienea hospitalini miongoni mwa wagonjwa wa UKIMWI, na wengi wao wakafariki.

Kwa mtoto huyu, dawa moja imekwisha kuondoka mstari wa mbele. Zimebaki 3. Ndiyo sababu muda umeongezwa, na ndiyo sababu kwake kuruka dozi ni hatari zaidi.

Basi nyumbani tushike haya:

Kwanza, maziwa yachemshwe mpaka yatokote, hata yaliyonunuliwa kwa mtu tunayemwamini. Kuyagandisha hakutoshi, yachemshwe kwanza, ndipo yagandishwe.

Pili, mwambieni daktari kama mgonjwa alikunywa maziwa mabichi au alikaa na ng'ombe. Darubini huonyesha kijidudu, na mashine ya haraka ya kupima jeni huonyesha kifua kikuu na usugu wa rifampisini; lakini hazisemi kama kimetoka kwa ng'ombe.

Tatu, nyama inunuliwe ile iliyokaguliwa machinjioni, na ng'ombe mgonjwa asipewe dawa za watu. Aitwe mganga wa mifugo.

Nne, baba akipangiwa kazi mbali, aache nyumbani mtu mzima mwenye jukumu la kusimamia dawa za mtoto kila siku. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Mama, mtoto wako hana kosa, wala wewe huna. Tezi zikinywea mwezi wa tatu, usidhani vita vimekwisha. Mpe dawa mpaka daktari mwenyewe aseme zimetosha.