Usiitupe Bado, Ifungue Kwanza

Mwezi wa tisa, siku tatu kabla ya kuwasilisha insha, laptopu yangu ilianza kuvuma kama pangaboi bovu. Chini ikawa moto hata sikuweza kuipakata, kisha ikazima bila kuaga. Nilipoiwasha tena ilidumu dakika kumi. Ni mashine ya mwaka 2015, dada aliitumia kabla yangu, na duka nililoipeleka halikuhitaji hata bisibisi kutoa hukumu: "Imezeeka hiyo. Chukua mpya, unalipa randi 600 kwa mwezi, miezi 24." Piga hesabu: randi 14,400. Naandika haya kwa sababu nusura nikubali, na najua baadhi yetu wamekubali.

Mimi nasema hivi: kompyuta inayopata moto haijathibitishwa kuwa imekufa mpaka mtu aifungue. Anayekuuzia nyingine kabla ya hapo si daktari, ni muuza majeneza.

Joto lenyewe si fumbo. Prosesa huzalisha joto, bomba dogo la shaba hulibeba hadi kwenye mapezi membamba ya chuma, na feni hupuliza hewa katikati yake. Njia hiyo ikiziba, joto hubaki ndani. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi, na joto likizidi kupanda mashine hujizima ili isiungue. Kwa hiyo ile kuzima ghafla iliyonitoa machozi ilikuwa ni mashine inajiokoa.

Na Johannesburg ina mambo yake. Tuko kama mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam kwa karibu moja ya tano, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Halafu vumbi! Mwezi wa nane na wa tisa, kabla ya mvua, upepo hupuliza vilima vya mabaki ya migodi ya dhahabu kule kusini, na vumbi linaingia hata kama umefunga madirisha. Asubuhi unafuta meza, jioni unaweza kuandika jina lako juu yake. Feni ya laptopu haifutwi na mtu miaka kumi.

Kabla ya kumlipa yeyote, chunguza mwenyewe. Iondoe kitandani, wakati wa baridi wengi wetu huandikia juu ya blanketi, yaani tumeiziba pua. Angalia ni programu gani inakula prosesa. Kisha weka kiganja pale hewa inapotokea. Feni inapiga kelele lakini upepo ni haba: vumbi limeziba. Upepo unatoka vizuri lakini ni baridi, huku ndani kunaungua: ile pesti inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa huenda imekauka. Feni haizunguki au inakwaruza: feni imekufa, na feni hubadilishwa. Lakini ukiona tumbo la mashine limevimba au kipanguso kimeinuka, hiyo ni betri. Izime, usiichaji, usiitoboe, mpelekee fundi siku hiyohiyo.

Fundi wangu nilimpata Yeoville, mtu wa Lubumbashi. (Waafrika Kusini nao husema "fundi" wakimaanisha bingwa wa jambo, ila lao limetokana na lugha za Kinguni. Sisi na wao tunakutana kwenye neno moja.) Aliifungua mbele yangu, akashika feni kwa kidole isizunguke ovyo, akapuliza. Kilichotoka kilikuwa kama kipande cha blanketi. Akafuta pesti ya zamani, akapaka mpya. Randi 350. Alipokuwa akirudisha betri aliipima mkononi, akasema, "Mdogo wangu, hii imetoka kwetu."

Hakuwa anatania. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, sana sana upande wa Kolwezi na Lubumbashi, na wengi wanaoichimba wanazungumza Kiswahili, lugha hii tunayokutana kuisoma hapa. Tangu Agosti 2021 sheria ya Afrika Kusini inakataza kufukia taka za kielektroniki kwenye majalala, ila mimi sikuhitaji sheria baada ya maneno yale.

Rafiki yangu wa uhandisi ananibishia kwamba mashine kuukuu inakula muda, na muda ni pesa. Ana haki kidogo. Bodi kuu ikiwa imeungua, au matengenezo yakifika nusu ya bei ya mashine nyingine iliyotumika, iache. Lakini asiniambie habari ya Windows 10 kukosa huduma tangu Oktoba 2025. Yangu haikubali Windows 11, nimeiwekea Ubuntu, mfumo wa bure ulioanzishwa na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa hapahapa Afrika Kusini, na wenye jina ambalo sisi tunaliita utu. Insha niliimalizia humo.

Wiki ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya mkutano wa chama, nitabaki chumbani na bisibisi ndogo, brashi na pesti. Wewe njoo na mashine iliyozimwa na kupoa. Na tafadhali, nakili faili zako kwanza.