Mita za Kisasa Ziingie Kambini, Siri Zisitoke

Hakuna askari wa Kicukiro asiyejua idadi ya yuniti zilizobaki katika Cash Power ya nyumbani kwake. Taa ya uani ikikutwa inawaka asubuhi, huulizwa aliyeiacha. Lakini askari huyo huyo akifika ofisini huwasha kiyoyozi, hufungua dirisha, kisha huenda zake gwaride.

Makampuni mengi duniani yamekwisha kupata dawa ya maradhi haya: mita zinazopeleka hesabu kila robo saa kwa mtandao, na vihisi vinavyozima taa chumba kikiwa kitupu. Faida yake kubwa, kwa maoni yetu, si kule kuzima bali ni kuumbua. Taa 10 za wati 100 zikiachwa kwa saa 12 humeza yuniti 12, na mkuu wa jengo hana budi kujieleza. Umeme ukikatika tukawasha jenereta, kila lita ya dizeli hutoa kilo 2.7 hivi za hewa ya ukaa. Mwaka 2020 nchi yetu iliahidi kupunguza hewa hizo kwa asilimia 38 ifikapo 2030, zikilinganishwa na zile ambazo zingetoka bila hatua yoyote. Jeshi na polisi hatuwezi kuwa watazamaji.

Hata hivyo, mita inayohesabu umeme wa kambi huhesabu pia watu wake. Jiko likiwashwa mapema kuliko kawaida, au mabweni yakiwa giza usiku mmoja, adui mwenye kuiona hesabu hiyo hana haja ya kutuma mpelelezi. Januari 2018 ramani ya Strava, programu ya wakimbiaji, ilianika njia za mazoezi za askari wa kigeni kambini Afghanistan na Syria. Kosa lao lilikuwa kuvaa saa mkononi tu.

Wapo wasemao basi tuviache vifaa hivi kabisa. Hatukubaliani nao. Redio nazo husikilizwa na adui, wala hatukuzitupa, tulijifunza mafumbo. Mita za kambi ziungwe kwa waya wetu wenyewe, hesabu za kila robo saa zikae kwa afisa wa lojistiki, na nje itoke jumla ya mwezi peke yake. Nywila za kiwandani zibadilishwe siku ile ile mafundi wanapoondoka. Wodi za Hospitali ya Kijeshi pale Kanombe zisiguswe na vizimio hivyo. Vituo vya polisi, ambavyo milango yake i wazi kwa raia usiku na mchana, vinaweza kututangulia.

Na kuhusu kiyoyozi, asubuhi za Kigali hatuoni kinahitajika kwa kazi gani.