Matambara Yetu Yasirudishwe Kuwa Uzi

Robota la mitumba lifunguliwapo Mwanjelwa, Mbeya, au mjini Iringa, si kila nguo hupata mnunuzi. Zilizochakaa, pamoja na masalio ya mafundi cherehani, aghalabu huishia motoni au korongoni. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Mitumba ingalipo, na matambara yake yangalipo. Wako wenye nia njema wanaopendekeza yasokotwe tena kuwa uzi. Mimi sikubaliani nao.

Nguo ikipitishwa katika mtambo wenye meno, nyuzinyuzi zake hukatika. Unyuzi wa pamba uliotoka shambani na urefu wa milimita 25 hadi 30 waweza kubaki na milimita 10 tu, na unyuzi mfupi hausokoteki vema. Benjamin Law wa Batley, Uingereza, alipoanza kufufua matambara ya sufu mwaka 1813, ilimbidi ayachanganye na sufu mpya.

Iko njia isiyodai urefu. Nyuzi fupi hutandazwa tabaka juu ya tabaka, kisha huchomwa kwa sindano nyingi zenye vijino hadi zishikane, pasipo kusokotwa wala kufumwa. Kinachopatikana ni mfano wa blanketi nene lililonasa hewa, na hewa iliyotulia ni mpitishaji hafifu mno wa joto. Aliyelala chini ya bati tupu usiku wa Juni huko Mafinga au Uyole hahitaji kuelezwa faida ya kuliweka juu ya dari. Ila pamba hushika moto upesi. Kwa hiyo lazima kwanza litiwe dawa ya kuzuia moto, kama vile chumvi za boroni.

Matumizi mengine hutegemea aina ya unyuzi. Pamba huoza udongoni. Yafaa kufunika mteremko uliopandwa nyasi hadi mizizi ishike. Poliesta haiozi, yafaa kutenganisha kokoto na udongo chini ya barabara, lakini ikitandazwa shambani ni uchafu wa miaka mingi. Nguo za mchanganyiko, ambazo ni nyingi, ziende darini.

Basi kazi ya kwanza ni kuchambua, wala si kuagiza mitambo, jambo ambalo sisi wasomi hulikimbilia mno. Lebo nyingi zimekwisha kukatwa, lakini mwalimu wa kemia anaweza kuwaonyesha wanafunzi kwa koleo, mshumaa na ndoo ya maji. Pamba hunuka kama karatasi iunguayo na kuacha jivu laini; sufu hunuka kama nywele; poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu. Mchanganyiko huacha jivu lenye punje.

Mwalimu wa fizikia naye ajaze makopo mawili maji ya moto, moja alivike matambara yaliyochambuliwa nyuzi, na wanafunzi waandike halijoto ya yote mawili kila baada ya dakika 5.