Chimala haisomeki kutoka barabarani

Mkazi wa muda, yaani mtu anayeishi mahali kwa miezi ya kuhesabika kwa sababu ya kazi, mafunzo au biashara, huwa na mazoea ya kuusoma mji kwa kufuata njia iliyomleta, na Chimala, mji mdogo wa Wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, ni mahali ambapo mazoea hayo hupotosha kabisa. Barabara kuu iendayo Zambia, ambayo wengi huijua kwa jina la TANZAM, imeukata mji huo, na abiria wa basi huuona kwa dakika chache tu: vibanda, malori yaliyoegeshwa, bodaboda, ndoo za mchele. Anayeishia hapo huamini kwamba Chimala ni kituo cha kupumulia kati ya Makambako na Uyole, na imani hiyo, ingawa si uongo, haimsaidii kitu mtu anayetafuta chumba cha kupanga.

Mji huu husomeka kwa kuikatiza barabara, kutoka mlimani kwenda bondeni. Kusini umesimama ukuta wa milima ya Kipengere, na njia ya kwenda Matamba, wilayani Makete, huupanda kwa kona kali zilizoipa jina la Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona hizo. Huko juu ni nchi ya baridi na viazi, na mbele zaidi iko Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005 na kusifiwa zaidi kwa maua kuliko kwa wanyama. Kaskazini limetandaa bonde la Usangu, tambarare na lenye joto, ambako mpunga ndio hesabu ya kila nyumba. Mto Chimala hushuka kutoka upande wa kwanza kwenda wa pili, na maji yake ni sehemu ya mfumo wa Ruaha Mkuu.

Kwa hiyo msamiati wa kwanza wa mgeni hauna budi kuwa wa maji: banio, yaani kizuizi kinachoyageuza maji ya mto yaingie mferejini, jaruba, yaani kipande cha shamba kilichozungushiwa tuta ili maji yatulie, na zamu, neno ambalo hapa hubeba usiku mzima wa mtu aliyekesha akilinda maji yasielekezwe kwa jirani. Tangu Ruaha Mkuu ulipoanza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mwaka 1993, lawama juu ya wakulima na wafugaji wa Usangu zimeandikwa sana, nyingi zikitoka kwa watu wanaolikumbuka bwawa la kufua umeme la Mtera pale umeme unapokatika, na mwaka 2006 wafugaji waliondolewa bondeni kwa amri ya serikali. Lawama hizo zina sehemu ya ukweli, lakini aliyewahi kupanga chumba kwa mwenye jaruba huzitamka kwa sauti ya chini zaidi.

Jambo lionekanalo dogo hufundisha kuliko yote. Baada ya mavuno, mpunga huanikwa juu ya maturubai, na mwanamke anayeugeuza kwa kuburuza nyayo ndani yake huinama mara kwa mara, akaokota punje moja na kuing'ata: ikibonyea, bado ina unyevu, ikikatika kwa mlio, iko tayari kwenda mashineni, ikiachwa juani kupita hapo, itatoka kwenye kinu ikiwa chenga, yaani mchele uliovunjika, na bei itashuka. Mnunuzi mgeni asiyejua kung'ata hutambulika mara moja, na hulipishwa kwa ujinga wake.

Kuhusu wenyeji, mgeni hugundua upesi kwamba wengi nao walikuja. Nchi ni ya Wasangu, watu wa mtemi Merere, lakini majirani ni Wabena, Wakinga, Wawanji, Wanyakyusa, Wahehe na Wasukuma waliofuata malisho, bila kusahau hospitali ya misheni, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kanisa la Kristo kutoka Marekani, ambayo huleta wagonjwa na wauguzi wa kutoka mbali. Katika mji wa namna hiyo hakuna mwenyeji mmoja wa kumkabidhi mgeni funguo. Kuna mwenyekiti wa kitongoji wa kujitambulisha kwake, kisha salamu nyingi za asubuhi, ambazo safu hii haioni njia ya kuzikwepa.

Taasisi zinazowapeleka vijana kwa miezi mitatu mitatu zingefaa kuitazama kalenda kwanza. Anayefika Julai hukuta mpunga umeuzwa, mabati mapya yamepanda juu ya nyumba, harusi ni za kila wiki na mwenye duka hana muda wa mazungumzo. Anayefika Februari hukuta watu wamo majarubani tangu alfajiri, fedha imezama kwenye vibarua na mbolea, na mwenye duka yuleyule anaandika madeni kwenye daftari yatakayolipwa kwa magunia. Wawili hao wakikutana Mbeya mjini na kusimuliana habari za Chimala, kila mmoja atadhani mwenzake alishukia kituo kingine.