Vinyweleo vya Nzi Si Upuuzi

Aliyeandika kwamba kuchunguza vinyweleo vya nzi ni kufuja fedha za umma, hajamtazama mbung'o kwa karibu. Kwenye kipapasio chake kuna unywele mrefu ulioota vinyweleo upande mmoja tu, navyo vina matawi. Nzi wa mazizi naye hufyonza damu, lakini vyake havina matawi. Kwa alama hiyo hutambuliwa mdudu anayeeneza malale na nagana. Unguja ilimnasa mbung'o wake wa mwisho mwaka 1996, baada ya kuachiwa madume tasa kwa mamilioni. Kazi ile isingewezekana bila watu wanaojua nzi yupi ni yupi.

Wala kinyweleo si pambo. Shinani pana seli ya neva: kikiguswa na kupinda, nzi anapata habari papo hapo. Nzi wa matunda huwa na vinne vikubwa mwisho wa mgongo wa kifua; jeni iitwayo scute ikiharibika, hupungua au hutoweka. Jeni ya ukoo huohuo tunayo sisi binadamu, na hushiriki kuunda neva za ubongo. Mwandishi atuambie: tungeijua kwa njia gani nyingine, na kwa bei gani?