Kuzima na kuwasha seva si kuitengeneza

Jamani wadau, hii dawa ya "zima, washa" imenichosha. Tovuti ya kujisajili kozi ikianguka, fundi anakuja, anawasha upya, anaondoka kifua mbele. Siku tatu baadaye, hola! Na dirisha la usajili linafungwa kwa tarehe ileile, mwanafunzi ajijue.

Skripti ya kawaida ya PHP ni mgeni wa dakika moja: ombi likiisha, kumbukumbu yake inarudishwa. Ila skripti inayokesha wiki nzima ni mpangaji. Kila ombi likiacha takataka kwenye orodha isiyofutwa, zinarundikana mpaka seva inakosa pumzi. Wabaya zaidi ni vitu viwili vilivyoshikana: hiki kinamshika kile, kile kinamshika hiki, hakuna anayeachiwa. PHP ilianza kuvisaka yenyewe kwenye toleo la 5.3, mwaka 2009. Perl 5 mpaka leo inakuachia wewe ulegeze mshiko mmoja.

Sisi wa Chome na Upare wote tunajua ndiva: maji yanakusanywa usiku, asubuhi yanafunguliwa mashambani. Tope likijaa, watu wanaitwa msaragambo wanalizoa. Sawa, kuwasha upya ndiyo kuzoa tope. Lakini shamba la juu likiachwa bila matuta, mvua ijayo utazoa tena!

Msiniambie Apache inaweza kuwekewa kikomo, kila mchakato ufe baada ya maombi kadhaa. Hiyo ni ratiba ya kuzoa tu. Mimi nauliza huyo fundi: ile orodha inafutwa mstari wa ngapi?