Jua ni la Wote, Lisigeuzwe Mtaji wa Walanguzi

Kwa miaka mingi mwananchi wa kijijini ameishi kwa mwanga wa koroboi. Moshi wake umewaumiza macho watoto wanaosoma usiku, na fedha ya mafuta ya taa imekwenda bila kuacha kitu nyumbani. Umeme wa jua umekuja kumkomboa katika hali hiyo. Lakini penye neema, walanguzi hawakosekani.

Wapo wafanyabiashara wanaopita vijijini wakiuza mitambo ya sola kwa malipo ya kila siku. Mkulima huambiwa kwamba atatoa fedha kidogo tu kwa njia ya simu. Jumla yake haambiwi. Mwenye kutoa shilingi 1,000 kila siku kwa miaka mitatu atakuwa ametoa shilingi 1,095,000. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki ni cha nani? Tena akishindwa kulipa kabla ya mavuno, mtambo huzimwa kutoka mbali, na nyumba hurudi gizani ilhali jua lilishinda likiwaka juu ya paa lake. Huo si ukombozi, ni unyonyaji uliovaa nguo mpya.

Wapo pia wanaodai kwamba sola ni ghali na haidumu. Hao nao wanapotosha. Paneli bora hufanya kazi miaka 25 na zaidi, wala haidai mafuta. Kinachochakaa mapema ni betri: ya risasi, ikimalizwa chaji kila usiku, hufa katika miaka michache, ya lithiamu, ikitunzwa vema, yaweza kufikia miaka 10. Kwa hiyo gharama ya sola haipimwi kwa bei ya siku moja, bali kwa miaka yote ya matumizi, pamoja na betri za kubadilisha na ujira wa fundi. Faida yake hasa huanza deni linapokwisha. Aliyeuziwa mtambo hafifu hubaki na deni baada ya taa kuzimika.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililionya Taifa lisitegemee misaada na mikopo ya nje kuwa msingi wa maendeleo. Onyo hilo linafaa hata leo katika nyumba ya mkulima. Vyama vya ushirika na vya akiba na mikopo havina budi kununua mitambo kwa jumla, na kuwakopesha wanachama kwa marejesho yanayofuata msimu wa mazao. Mikataba iandikwe kwa Kiswahili, na jumla ya deni ionekane wazi. Paneli bandia zikamatwe bandarini na madukani, wala asiachiwe mkulima kazi ya kuzigundua. Vijana wa vijijini wafundishwe ufundi wa sola.

Jua halitumi ankara kwa mtu yeyote. Ni wajibu wa wananchi kuhakikisha kwamba hakuna atakayejipa haki ya kuwatoza kodi ya mwanga wake.